Gwaride Chini ya Hadubini

Agatha alikuwa ametangaza bwenini, kwa sauti ya kasisi anayefungisha ndoa, kwamba yeye anaweza kuwachezesha bakteria gwaride. Bahati mbaya tangazo likamfikia Mwalimu Joel wa bayolojia, mtu ambaye alipoumbwa alisahauliwa kupewa kicheko. Shule yao ya Newala ilikuwa na nafasi moja tu ya mwanafunzi kwenda maonyesho ya sayansi Masasi, na Agatha aliitaka kuliko likizo. Mwalimu akasema vema, gwaride lionekane leo kabla ya kengele ya chakula, la sivyo atakwenda Walter, kiranja wa darasa, kijana asiyetania hata mbuzi.

Basi Agatha akachota tone la maji kutoka chombo cha maua cha kanisani, maji yaliyokuwa yakinuka tangu Jumapili ya juzi. Maabarani, mbele ya darasa zima, akalidondosha kwenye kipande cha kioo, akalifunika kwa kioo chembamba, akaziba kingo zote kwa mafuta ya mgando. Katikati akaacha kiputo cha hewa. Walter akaguna, maana walikwisha kufundishwa kwamba kiputo ni dalili ya mkono mzembe.

Mwalimu Joel akainamia hadubini. Akasema anaona bakteria wametapakaa ovyo kama watu gulioni, gwaride halioni.

Moyo wa Agatha ulishtuka, mdomo haukushtuka. Maji yalikuwa ndiyo kwanza yamefunikwa, oksijeni bado imejaa kila mahali; nani ahame penye shibe? Bakteria walihitaji dakika kumi waimalize, ibaki ya kwenye kiputo tu. Kengele ilibakiza robo saa. Akaomba ruhusa ya kutoa hotuba.

Akahutubia kwa utulivu wa mkuu wa wilaya. Alieleza kwamba bakteria hana pua wala macho, lakini mwilini mwake mna kitu kinachoonja oksijeni. Akiogelea akaona inaongezeka, hunyoosha njia. Ikipungua, hupinduka akajaribu upande mwingine. Ni kama wanunuzi binafsi wa korosho tangu biashara iachiwe huria: wakikosa mzigo Makote hugeuza gari, wakiunusa Mnyambe hawageuki tena. Kisha akawashukuru wazazi, walimu na wapishi, mmoja mmoja, kwa majina, hadi Walter akalalamika kwamba anapoteza muda. Ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya.

"Sasa tazama, Mwalimu."

Mwalimu akatazama. Akasogeza kioo, akatazama tena. Kengele ikalia na hakuna aliyenyanyuka. Bakteria walikuwa wamekizunguka kiputo pande zote, wamesongamana kama pete, na kwingine kote kumebaki weupe.

"Mbona wamesimama mbali kidogo nacho?"

"Oksijeni ikizidi nayo inawaumiza, Mwalimu. Wanasimama pale panapowatosha."

"Na wewe unapajua panapokutosha?"

"Bado, Mwalimu. Labda Masasi watanifundisha."

Mwalimu Joel akachukua fomu ya maonyesho, akaandika jina la Agatha kwa herufi kubwa, kisha akamwamuru Walter apange foleni, kila mtu aje kuona.