Mchi wa Salvatory

"Mbwa anayekojolea magunia ya mpunga anakufa leo!" Mume wangu Salvatory akamtandika Popi teke la mbavu.

"Mwache! Miaka minne hajawahi kukojoa ndani. Ameanza tangu ulipompiga kwa mpini wa jembe kule shambani dunguni, eti kaacha nguruwe pori wale mpunga. Mlinzi ulikuwa wewe, na ulikuwa umelewa."

"Mama Aneth, siku hizi diploma ya uuguzi inatibu mbwa?"

Akainua mchi. Ulikuwa bado haujamgusa, lakini Popi alilala chali, mkojo ukamtoka.

Nikasikia mchuruziko mwingine nyuma yangu. Aneth wetu, mwenye miaka sita, alikuwa amejibana ukutani, sketi ya shule imelowa mpaka soksi. Macho yake yalikuwa kwenye mchi.

Nilimpokonya baba yake mchi huo, nikampiga nao kifundo cha mkono. Mfupa ulialika, ko! Nikamburuta kwa kola ya shati hadi nje, nikamrushia blanketi.

"Nyumba hii ya watumishi nimepewa mimi. Wewe nenda dunguni, ukaamie ndege wasile mpunga!"

Nikatia komeo, kisha nikamvua Aneth sketi.