Pande Zote Mbili za Mti

Kama Ristin angekuwa na adabu mbovu kidogo tu, msitu wa Guossavárri, huko kaskazini ya mbali kwenye theluji, usingeingia kwenye orodha ya kukatwa. Lakini alilelewa vizuri, na malezi hayo ndiyo yaliyomponza.

Mwaka jana, kabla theluji haijashika, alifika kwake kijana wa kampuni ya mbao, Viklund, na fomu mkononi. Ristin, mjane wa miaka sitini na saba, alimkaribisha, akamtilia vipande vya jibini ndani ya kahawa kama ilivyo desturi yao, akamwekea nyama kavu ya kulungu, wale wa nchi za baridi wanaofugwa kwa makundi. Walizungumza vizuri mpaka kijana alipouliza ana kulungu wangapi wanaolishwa na msitu ule. Ristin aliona haya kwa niaba yake. Kwao, kumuuliza mtu hesabu ya mifugo yake ni kama kumpekua mfukoni; swali hilo halikuwahi kuulizwa ndani ya nyumba ile. Hata Heaika, mumewe, aliyelala naye kitanda kimoja miaka thelathini na nane, hakumtajia hesabu ya mifugo yake hadi anaingia kaburini.

Basi alilikwepa kama mama yake angelikwepa. "Wako pande zote mbili za mti, mwanangu."

Kijana alicheka, akaandika, akaaga. Alichoandika kilikuja kujulikana theluji ilipoanza kuyeyuka, Elle alipomletea barua. Elle ni binti wa mdogo wake Ristin, na ndiye katibu wa kikundi cha wafugaji. Barua ilisema kwamba mfugaji hana hakika na hesabu ya mifugo yake, na kwamba matumizi ya msitu ni madogo. Misonobari yenye miaka mia tatu ingeanza kukatwa baridi ikirudi. Kulikuwa na kikao kimoja tu kilichobaki, na kampuni ilitaka kusikia namba.

"Mama mkubwa, ungemtajia tu," Elle alisema.

"Wewe ungemvulia nguo?"

"Ningevua angalau glavu."

Ristin alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha Elle akaondoka na gari lake, na nyumba ikarudia ukimya wake. Ukimya ule ulikuwa na miaka minne sasa. Ristin bado aliteleka kahawa ya watu wawili, akanywa yake, ya pili akaimwaga. Wanawe walikuwa mjini na walipiga simu Jumapili. Alibaki na mbwa, na mbwa mwenyewe alikuwa kiziwi, kwa hiyo hata kugombana na mtu hakuwezekani.

Elle hakujua kwamba adabu ilikuwa nusu tu ya kisa. Nusu ya pili ilikuwa aibu. Ristin aliijua namba yake, na ilikuwa ndogo. Maadamu haijatamkwa, yeye alikuwa mke wa Heaika, mwenye kundi, na wanaume wa kikundi walimpisha mahali pa kukaa. Ikitamkwa, angekuwa bibi kizee mwenye wanyama wa kuhesabika, anayesubiri kuuza na kuhamia mjini. Jirani yake wa ng'ambo ya ziwa, Ámmon, kila walipokutana alimuuliza kwa utani kama bado wako pande zote mbili. Naye alimjibu kwamba wako, ila mti wenyewe ndio umenenepa. Utani huo ndio mazungumzo marefu zaidi aliyokuwa nayo kwa mwezi mzima, na aliupenda kuliko alivyokubali.

Kikao kilifanyika Novemba kwenye ukumbi wa halmashauri. Wafugaji kumi na mmoja walikaa nyuma na kofia mapajani, Ámmon akiwa miongoni mwao. Viklund alitundika ramani. Elle alisema mengi na mazuri kuhusu mababu na maisha ya watu, na Viklund akamsikiliza kwa heshima, kisha akasema ofisi yake bado inahitaji takwimu za msitu huu. Elle alimtazama mama yake mkubwa mara moja tu, akainamisha macho.

Ristin alisimama.

"Arobaini na moja," alisema.

Viklund, ambaye hakuwa mtu mbaya, alisema taratibu kwamba hao kweli ni wachache.

"Sijamaliza. Kabla ya mwaka ule mvua iliponyesha juu ya theluji ikaganda, walikuwa mia mbili na sitini. Mume wangu alikuwa amekufa, na mimi ndiye niliyewapeleka mashariki, kwenye miti yenu michanga mliyoipanda, kwa sababu ni karibu na barabara na nilikuwa nimechoka. Chini kulikuwa na barafu, hawakuweza kuchimbua kitu. Na miti yenu bado haina ndevu, zile nyuzi zinazoota matawini ambazo kulungu hula chini kukiganda. Waliobaki kule walikufa wote, niliwaona mmoja mmoja. Hawa arobaini na moja ni wale walionitoroka wakarudi Guossavárri, wakala ndevu za miti mikongwe mpaka barafu ikaisha. Kwa hiyo usiandike kwamba ni wachache. Andika kwamba ni wote waliobaki."

Viklund aliandika kwa muda mrefu. Ristin hakungoja kahawa ya kikao.

Wiki tatu baadaye Elle alipiga simu kusema Guossavárri imeondolewa kwenye orodha. Ristin alifurahi, alifurahi kweli, akaweka simu chini na kumwambia mbwa. Alikwenda msituni akasimama chini ya miti, ndevu zao nyeusi zikiwa zimening'inia, na kulungu wake wakizila kando yake bila kumjali. Wafugaji walipita juu ya ziwa lililoganda na pikipiki zao za theluji, wakampungia mkono, hawakusimama. Alijua ni haya tu, haya ya kuisikia hesabu yake, iliyowapitisha mbio. Iliuma vilevile.

Karibu na Krismasi Ámmon akaja. Alizungumzia bei ya mafuta, akazungumzia mgongo wake, akamaliza kahawa. Hakutania. Ristin alisubiri utani ule, na alipoona mgeni anavaa viatu, akaosha kikombe chake ili mikono iwe na kazi.

"Leo huniulizi?" alisema bila kugeuka.

Ámmon alikuwa ameshafungua mlango. Huko kwao kila mtu aliamini ana kulungu mia tatu na zaidi. Alitazama nje, kofia akiizungusha mkononi.

"Sabini na mbili," alisema. "Tangu mwaka uleule wa barafu."

Baridi ilikuwa inaingia ndani. Ristin aliteremsha kikombe alichokwisha kukiosha, akakijaza.

"Funga mlango," alisema. "Kahawa ipo ya watu wawili."