Kufundisha Chini ya Bati

Wapo wanaodhani walimu hukimbia shule za pembezoni kwa sababu ya kupenda mjini. Waje wafundishe hapa mvua ikinyesha, halafu tuongee. Madarasa yetu yana bati bila dari. Mvua ikianza kulipiga, mwalimu anabaki kuchezesha mdomo tu, na wanafunzi wanamtazama kwa huruma.

Walimu wa fizikia ndio waliotuumiza zaidi. Walikuja, wakaonja, wakafungasha virago. Ndiyo maana alipofika yule binti ambaye wanafunzi walimbatiza Madam Sumaku, nilijizuia kumzoea. Lakini alijua kufundisha, jamani. Darasa la mtihani, lililokuwa limeshakata tamaa, likaanza kubishana habari za fizikia hata kwenye foleni ya maji. Angeondoka huyu, wale watoto wangeingia kwenye mtihani mikono mitupu.

Siku moja ya masika, mvua ilipopungua kidogo, aliingia chumba cha walimu sauti imemkauka. Akamgeukia mwalimu mkuu wetu.

"Mama, nisamehe. Nimekuja kufundisha, siyo kushindana na bati. Nitaomba uhamisho."

Nilimkasirikia, ingawa alikuwa sahihi. Nilitegemea Mkuu atamhubiria habari za wito, kama wakubwa wengi wanavyopenda kutuhubiria wakiwa wamekaa pakavu. Hakuhubiri.

"Ukisikika, utakaa?"

"Nikisikika, mama, nitafundisha mpaka mnichoke."

Mkuu akatoka. Muda si muda tukasikia kitu kikiburutwa. Tulimkuta amekunja mikono ya gauni, anaitoa meza yake ofisini kwake, chumba pekee chenye dari shule nzima. Kabati likafuata, mimi upande huu, yeye upande ule, na yeye ndiye aliyekuwa ananihimiza nikaze.

"Sasa Mkuu, wageni wa idara utawapokelea wapi?" nilimuuliza nikihema.

"Barazani. Wakilowa, wataelewa."

Darasa la mtihani likaingia, wengine wakakaa sakafuni, wengine dirishani. Mvua ilikuwa imeanza kuporomoka tena, lakini humo ndani Madam Sumaku aliongea kwa sauti ya kawaida, na mtoto wa nyuma kabisa akamjibu. Nilisimama mlangoni nikiona fahari, utadhani ofisi niliitoa mimi.

Kipindi kilipokwisha, Madam Sumaku alitoka akamkuta Mkuu barazani, pindo la gauni limelowa chapachapa, anapanga ratiba huku amezikandamiza karatasi kwa kiwiko zisipeperuke.

"Mama," alisema taratibu, "ofisi yako tukurudishie lini?"

Mkuu hakuinua kichwa. "Siku utakayoondoka."

Wanafunzi wale walishafanya mtihani wao, na wengine wamewafuata kwenye chumba kile. Mkuu wetu bado anafanyia kazi barazani.