Saini ya Bosi

Wafanyakazi wa maabara ile ya vipimo walikuwa na utani wao: hapa kuna wifi mbili, ya mtandao na ya bosi. Ya mtandao hukatika mvua ikinyesha. Ya bosi haikatiki hata ukiifokea.

Ya bosi alikuwa mke wa kaka yake, mwanamke mpole aliyesimamia kompyuta zote. Bosi mwenyewe, aliyeanza na hadubini moja kwenye chumba cha kupanga, alimpenda sana. Kumsikiliza ndiko kulikomshinda.

Mwaka ule mamlaka ya ulinzi wa taarifa ilileta fomu. Wifi alikaa nayo siku mbili, kisha akaingia nayo ofisini.

"Wifi, kati ya mambo kumi na moja wanayouliza, saba hatuna. Wote tunatumia neno la siri moja. Nakala ya majibu ya wagonjwa iko kwenye diski iliyochomekwa mashine ile ile."

"Weka vema kote. Tutarekebisha mbele ya safari."

"Siwezi kutia saini uongo."

"Basi nipe kalamu."

Akasaini mwenyewe, hata hakuketi. Wiki iliyofuata alimhamishia wifi yake mapokezi, akisema mbele ya watu kwamba huyu anaona majini ndani ya kompyuta. Watu wakacheka. Wifi naye akacheka, akakusanya vitu vyake, akashuka ngazi.

Miezi minne baadaye, saa tatu asubuhi, foleni ya wagonjwa ikiwa imefika mlangoni, karani mmoja alifungua barua pepe iliyojifanya imetoka kwa wauza dawa za kupimia. Kioo cha kompyuta yake kikawa cheusi, kikafuata kingine, mpaka cha bosi. Diski ya nakala nayo ikafungwa humo humo. Wezi waliotuma barua ile wakadai walipwe ndipo wafungue, na bosi akiwa bado anajiuliza afanye nini, majibu ya mamia ya watu yakaanza kuzagaa kwenye simu za mji mzima.

Siku ya tatu alikuja mwalimu wa sekondari, mteja wake tangu enzi za hadubini moja. Hakupaza sauti.

"Wanafunzi wangu wanajua ninachoumwa," alisema. "Mama yangu hajui."

Bosi aliinuka kumtafutia kiti. Alipokileta, mwalimu alikwisha kuondoka.

Afisa wa mamlaka alipofika aliuliza kompyuta zilikuwa chini ya nani. Wifi alikuwa amesimama pale pale. Bosi angenyamaza tu, mzigo ungemwangukia mwenzake.

"Huyu aliniambia, nikamhamisha," alisema. "Saini ni yangu."

Maabara ilifungwa miezi mitatu. Wifi alirudi kuijenga upya: kila mtu na neno lake la siri, nakala nyingine nje ya jengo, na kila mwezi siku moja ya kujizoeza kufanya kazi kompyuta zikiwa zimezimwa. Ilipofunguliwa, akakabidhi funguo.

"Baki, wifi yangu."

"Nimepata kazi kwingine. Nilitaka nikuachie ikiwa imesimama."

Siku hizi wakikutana kwenye shughuli za familia husalimiana vizuri, hupakuliana chakula, na habari za kazi hawazigusi.

Kwa mwalimu bosi alikwenda kwa miguu, akipanga maneno njia nzima. Alifunguliwa na mpangaji mgeni, mswaki mdomoni. Mwalimu alikuwa amehama, na namba ya simu hakuacha. Bosi alishukuru, mlango ukafungwa, naye akabaki kibarazani kwa muda, asijue ampe nani yale maneno.