Baba Chiriku na Mfuko wa Kulalia

Mume wangu ni wakala wa bima, yaani mtu anayelipwa mshahara kwa kuogopa mambo ambayo hayajatokea. Kwetu hakuna mshumaa usio na mshumaa wa akiba. Kwa hiyo shule ya jirani ilipotangaza siku ya kuandikisha darasa la kwanza, na kwamba atakayewahi ndiye atakayepata, sikushangaa kumwona akirudi kutoka mjini na kifurushi kwapani, uso umemng'aa kama bwana harusi.

Lazima niwaambie kwanza kuhusu shule yenyewe. Ukuta wake unapakana na mtaa wetu. Vyoo vyake vina milango, na walimu wake huingia darasani. Shule nyingine iko ng'ambo ya barabara kuu, malori yanapopita hayajali mtu, na huko ndiko alikosoma kifungua mimba wetu. Mpaka darasa la tatu alikuwa hajui kuandika jina lake. Nilimfundisha mwenyewe, kwa chaki ya kushonea, juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, huku wateja wakisubiri. Sikutaka kurudia kazi ile kwa binti yetu mdogo, ambaye mtaa mzima unamwita Chiriku kwa jinsi mdomo wake usivyopumzika. Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka.

Na kwa nini kifungua mimba aliikosa? Kwa sababu kila mwaka wazazi hulala nje ya lango ili kuwahi, na mwaka ule baba yake alikwenda na shuka moja. Usiku baridi ikamrudisha nyumbani na mafua, nafasi ikaishia hapo. Tangu siku hiyo alikuwa na adui mmoja tu duniani, naye ni baridi.

"Shika," aliniambia, akinipa kifurushi. "Unasikia uzito?"

"Sisikii kitu."

"Ndiyo maana yake. Huu ni mfuko wa kulalia wa wapanda milima. Watu wanapiga kambi kwenye barafu na huu."

Mimi ni fundi cherehani, kitambaa nakisoma kwa vidole. Kilikuwa chembamba kama ganda la kitunguu, mishono imetulia, ndani kuna manyoya laini. Zipu ndiyo sikuipenda. Ilikuwa na meno madogo, ya aina inayopenda kuuma kitambaa.

"Zipu hii itakusumbua," nikasema.

"Mama Chiriku, umeshawahi kupanda mlima?"

"Sijawahi."

"Basi."

Na yeye pia hajawahi kupanda hata ngazi za ofisi yao, hutumia lifti. Kwa bei aliyoitaja ningenunua godoro, na mtu mwenye akili wa kulilalia.

Akaanza kuufanyia majaribio sebuleni. Alifungua madirisha yote, akaelekeza feni usoni, akajizika humo mpaka ikabaki pua. Mfuko una kofia inayofunika masikio, na hilo alilisifu kuliko yote. Asubuhi nilimwita, nikamwita tena, mwisho nikamsukuma kwa mguu wa kiti. Akachomoza kichwa kama kobe.

"Joto, kumi kwa kumi," alisema. "Wepesi, kumi kwa kumi. Kelele, sikusikia hata moja."

Majirani walikuja kuutazama. Kila mmoja aliruhusiwa kuingiza mkono, mmoja tu, baada ya kunawa. Baba Pacha, mchomeleaji wa mageti ambaye mapacha wake nao walikuwa wanaanza darasa la kwanza, aliingiza wake akautuliza humo muda mrefu.

"Baba Chiriku," akasema, "humu mtu anaweza kufa asijue."

Mume wangu aliipokea kama sifa.

Siku ya kuamkia uandikishaji alikwenda langoni jua bado kali. Hakukuwa na mtu. Akautandika mfuko wake mbele kabisa, na waliofuata aliwatangazia sheria, ambayo hakuna aliyemtuma kuitunga: mahali ni mwili, anayeondoka amepoteza. Wakaja na maboksi, mablanketi ya zamani, makoti ya kuazima. Baba Pacha alikuja na jaketi lake la kazini lenye matundu ya cheche, akajipanga wa pili. Nilipompelekea mume wangu chakula jioni, nilimkuta amelala chali anapokea maswali kama waziri. Walikuwa wanauliza kuhusu baridi, naye anawajibu kwa upole, kama mtu aliyenunua hisa mapema.

Sifichi, nilifurahi. Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba, na kila jirani niliyekutana naye nilimwambia, hata asipouliza, kwamba sisi ni wa kwanza.

Kulipoanza kupambazuka nikachukua chupa ya chai nikaenda. Nilipokata kona nilidhani nimekosea mtaa. Lango limefungwa. Mbele yake kuna maboksi yaliyokanyagwa, maganda ya karanga na kandambili moja ya mguu wa kushoto. Na mahali pale pale pa mbele kabisa, mume wangu kalala usingizi wa pono, pua juu, anatabasamu. Alikuwa wa kwanza, na nyuma yake hakukuwa na wa pili.

Nikamwita. Nikamtikisa, mikono ikateleza. Nikaivuta zipu, ikashuka kidogo ikauma kitambaa, ikagoma. Mlinzi akachungulia kwenye kidirisha cha lango.

"Mama, wanaandikisha mlango mdogo, kule jikoni. Mwalimu Mkuu aliona watu wamekuwa wengi, akaogopa wataangusha lango. Nilipita nikitangaza. Wenyewe walikuwa macho wote, wanatetemeka, basi waliondoka mbio."

"Na huyu?"

Akamtazama vizuri. "Kumbe ni mtu? Nilijua ni mzigo wa mtu."

Niliiacha chupa ya chai pale pale nikakimbia. Sijakimbia hivyo tangu nilipokuwa msichana. Mlango wa jikoni uko upande wa pili wa ukuta, na ule ukuta, ambao siku zote niliuona mfupi, siku hiyo haukuisha. Nilikuta mstari umebaki mfupi, nikasimama mwisho, roho mkononi. Baba Pacha alikuwa anatoka, macho mekundu, midomo imepasuka kwa baridi, mkononi karatasi mbili.

"Baba Pacha, mbona hukumwamsha mwenzio?"

Akatazama chini. "Nilimtikisa, shemeji. Kile kitambaa kinateleza."

"Mara ngapi?"

"Wahenga walisema aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe."

"Hao wahenga wana watoto wangapi hapa?"

"Mimi nina wawili, shemeji," akasema. Akaondoka.

Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Alikuwa amekesha kwa sababu jaketi lake lina matundu. Wote walikuwa wamekesha kwa sababu hiyo hiyo. Baridi niliyoilaani miaka yote ndiyo iliyowaandikishia watoto wao, nasi tulikuwa tumelipa pesa nyingi ili isitufikie.

Wakabaki watatu mbele yangu, kisha wawili, kisha mama mmoja aliyenukia sabuni, ambaye ni dhahiri alikuwa amelala kitandani kwake. Alipopewa karatasi yake, Mwalimu Mkuu akafunga kalamu.

"Poleni," akatuambia tuliobaki. "Nafasi zimekwisha."

"Mwalimu, mume wangu ni wa kwanza."

"Wa kwanza wapi, mama?"

Nikasikia watu wanacheka nyuma yangu. Mume wangu, ambaye mlinzi alikuwa amefanikiwa kumwamsha, alikuwa anakata kona ya ukuta kwa kurukaruka, miguu na mikono ndani ya mfuko, kichwa tu nje, kama mtoto kwenye mbio za magunia. Watu wakampisha. Alirukaruka mpaka mbele kabisa, kwa haki yake, akasimama anahema.

"Mimi ndiye wa kwanza," akasema. "Waulizeni hawa."

Waliokuwepo, lazima nikiri, hawakumnyima haki yake. Mmoja alisema ni kweli, alikuwa wa kwanza. Mwingine akasema hata jana alikuwa wa kwanza.

"Hongera sana," Mwalimu Mkuu akamwambia. "Lakini nafasi zimekwisha." Kisha akanyoosha mkono, akakipapasa kile kitambaa begani. "Na baridi haingii humu?"

Nilimwangalia mume wangu. Nilimwomba kwa macho.

"Kumi kwa kumi, Mwalimu," akasema. "Hata husikii mtu akikuita."

Ilibidi nimkokote mpaka nyumbani hivyo hivyo, mtaa mzima ukitusalimia. Nikamwacha mbele ya mlango wetu, nikaingia ndani kuchukua mkasi.

"Taratibu," alinisihi. "Mfuko una dhamana."

Niliukata kuanzia shingoni mpaka miguuni. Manyoya yakatapakaa barazani, naye akatoka humo amejaa jasho, akaanza kuyakusanya. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilishindwa kulia. Ndipo Chiriku akatokea, amenawa uso mwenyewe, nywele amejichana upande mmoja.

"Mama, Baba alikuwa wa ngapi?"

Nilifungua mdomo nimwambie taratibu, nianzie mbali. Baba yake akaniwahi.

"Wa kwanza," akasema. "Wa kwanza kabisa, mwanangu. Muulize yeyote."

"Basi nimepata," akasema Chiriku.

Akatoka mbio kabla sijamshika mkono. Nilimsikia nyumba ya kwanza, kisha ya pili, akiwaambia kwamba amepata shule, baba yake alikuwa wa kwanza. Nikamtazama mume wangu, nikingoja amwite arudi. Alikuwa amesimama na manyoya yake mkononi, anasikiliza, kifua kimejaa kidogo.

Nikavaa viatu, nikamfuata mtoto.