Ubao wa Saunoa

Saunoa ni mwalimu wa kufuta ubao mzima kwa sababu herufi moja imepinda. Nafundisha darasa la jirani, na huku kwetu kisiwani Savai'i, Samoa, madarasa hayatengwi na kuta, kwa hiyo mahangaiko yake nayaona yote bila kiingilio. Nimemwambia mara ngapi, "Mdogo wangu, hizo chaki zitakuua." Hunijibu, "Dada, niache."

Siku hiyo mkaguzi alikuja kuamua kama Saunoa athibitishwe kazini au arudi kwao. Mkaguzi mwenyewe alikuwa Mzee Leota, mwenye cheo cha ukoo, naye aliketi mbele kabisa. Kila Saunoa alipompita aliinama na kusema "tulou", yaani niwie radhi napita mbele yako, kama adabu inavyotaka. Akaandika: robo tatu jumlisha nusu. Jibu: moja.

Nikashika kichwa. Watoto wake waliinamia madaftari. Kwetu mtoto hamsahihishi mkubwa, sembuse mbele ya mzee wa cheo.

Saunoa alirudi nyuma kidogo, akaliona kosa, na uso ukamshuka. Dasta alikuwa nayo mkononi. Kwa ninavyomjua, nilijua atafuta haraka na kujifanya hakuna kitu.

Akaiweka mezani.

"Nimekosea," alisema. "Nani aliona?"

Watoto wakatazamana. Kisha Fetuao, msichana wa dawati la mbele, akanyoosha mkono. Akafuata jirani yake, halafu darasa zima.

"Haya, jibu?"

"Moja na robo!" waliitikia wote.

Leota akawageukia. "Kumbe mlijua muda wote?"

"Ndiyo, mzee," alisema Fetuao. "Lakini ni mwalimu wetu. Tungemwaibishaje?"

Saunoa akalisogelea darasa. "Kuanzia leo nikikosea, semeni. Hamniaibishi."

"Kweli, mwalimu?" aliuliza Fetuao.

"Kweli."

"Basi hata siku umekosea. Leo Alhamisi."

Ubaoni palikuwa na Jumatano, kwa mwandiko wa kupendeza ajabu. Darasa likaangua kicheko, na langu likadakia. Saunoa alicheka mpaka akajifuta machozi, akampa Fetuao chaki arekebishe.

"Watoto wamefundishwa hawa," Leota alisema akitia saini. "Mwalimu, umethibitishwa."

Siku kwenye ubao ikaandikwa upya, kwa herufi zilizopinda kila upande, na Saunoa hakuigusa. Nilijivuna siku nzima utadhani nimemzaa mimi.