Skrini Iliyoachwa Wazi

Kilichomuuma Dada Mtu si mshahara, ni kiti. Kiti cheusi cha kuzunguka, chenye mgongo mrefu, nyuma ya mlango wa kioo. Moyoni mwake alikuwa amekikalia kwa miezi, na sasa aliyekikalia ni wifi yake, mke wa kaka yake. Tena ni yeye mwenyewe aliyemleta kwenye ile kampuni ya bima ya afya, akamfundisha kazi, akamfundisha hata desturi ya ofisi ya kutofunga skrini ukitoka, ili mwenzako akupunguzie foleni ya kazi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo. Huyu mwenyeji hakupona, alizidiwa.

Kampuni ilikuwa na mashine ya akili mnemba iliyosoma madai ya wagonjwa na kuamua nani alipiwe matibabu na nani akataliwe. Wafanyakazi waliibatiza Profesa, kwa kuwa ilikuwa na jibu la kila kitu na hakuna aliyethubutu kuihoji. Ikaja sheria mpya: Profesa akimkataa mgonjwa, lazima binadamu ayasome madai yale mwenyewe na kupitisha kukataliwa huko kwa jina lake. Kikaundwa cheo cha kusimamia jambo hilo. Dada Mtu, mkongwe wa dawati la madai, alinunua hadi viatu vipya. Cheo akapewa wifi.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. "Mkwe wangu huyu ana akili mpaka zinamwagika," mama yake alisema kila Jumapili, akimpakulia wifi kwanza. Dada Mtu aliinamia sahani yake, akatafuna maneno pamoja na chakula. Alimwonea wivu kwa cheo, kwa kicheko, hata kwa namna alivyopokea simu. Na wivu ukishapata makao haulali njaa, hujitafutia chakula.

Chakula kikapatikana. Alasiri moja alifungua madai ya mzee aliyevunjika nyonga, akaona yamekataliwa, na jina la wifi liko chini yake. Akafungua ya mgonjwa wa pili, na wa tatu. Kukataliwa kwa yote kulikuwa kumepitishwa mfululizo, chapuchapu, kwa muda usiotosha hata kusoma jina la mgonjwa, sembuse ugonjwa wenyewe.

"Kumbe!" akajiambia, na moyo ukamruka kwa furaha ambayo hakuionea haya. "Anabonyeza tu, hasomi!"

Sheria ileile iliitaka kila kampuni iwe na njia ya siri ya kufichua maovu. Dada Mtu akaandika taarifa yake bila kutaja jina lake. Kila alichoandika alikiamini. Alimsikitikia yule mzee wa nyonga, kweli alimsikitikia, lakini alipokuwa akiandika hakumwona mzee. Alikiona kiti.

Wiki haikwisha, wifi akasimamishwa kazi. Meneja, ambaye ofisi nzima ilimwita Asali kwa utamu wa ulimi wake, akamkaribisha Dada Mtu nyuma ya kioo.

"Dada yangu, ishikilie nafasi hii. Siku zote nilisema wewe ndiye unayestahili."

Dada Mtu akakaa. Kiti kikazunguka chenyewe. Akakizungusha tena, safari hii kwa makusudi.

Jumapili wifi akaja kwa mama, macho yamevimba. Akamvuta Dada Mtu jikoni na kurudisha mlango.

"Wifi, nisaidie. Wanasema nimepitisha madai bila kuyasoma. Haki ya Mungu, sijayagusa."

"Si yana jina lako?"

"Jina ni langu, mkono si wangu. Nikitoka kwenda kula, Asali anakaa pale anayapitisha yeye, ili kampuni isilipe. Nilimfuma. Nikaenda kumshtaki kwenye mamlaka inayosimamia sheria hii, hata kaka yako sijamwambia. Kampuni ikapata habari, wakawa wanatafuta pa kunishikia, basi kuna mtu kawapelekea mpini mkononi. Kikulacho ki nguoni mwako, wifi yangu."

Si aibu iliyomchoma Dada Mtu kwanza. Ni wivu, uleule, ila mbichi kabisa: hata katika kufichua, mwanamke huyu alikuwa ametangulia, tena alikwenda kwa miguu yake na jina lake. Aibu ilikuja baadaye, ikakuta nafasi imejaa.

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Mamlaka wanatuita kesho alasiri. Hawaelewi mtu mwingine aliingiaje kwa jina langu. Waeleze jinsi tunavyoachiana skrini wazi. Si wewe ndiye uliyenifundisha?"

Ni yeye. Desturi hiyo aliijua kama kiganja chake, lakini siku ya kuandika haikumjia hata kidogo. Wivu haukutaka imjie.

Kesho yake mchana Asali akachungulia mlangoni. "Dada yangu, nenda ukale. Iache skrini hivyohivyo, nitakushikia."

Dada Mtu akalitazama jina lake kwenye pembe ya skrini. Halafu akaifunga.

"Leo sina njaa, bosi."

"Wakaao kwenye kiti hicho huwa na njaa," akasema Asali, na tabasamu likambakia mdomoni tu.

Alasiri, mbele ya mchunguzi, Dada Mtu alieleza yote: desturi, foleni, Asali na mwaliko wake wa kwenda kula. Wifi, aliyeketi kando yake, aliuweka mkono wake juu ya mkono wa Dada Mtu na kuubana kwa shukrani.

"Na ile taarifa iliyomtaja huyu dada," mchunguzi akauliza, "mnajua ilitoka kwa nani? Sheria inamlinda aliyeandika. Hamlazimiki kujibu."

Angeweza kunyamaza. Lakini ule mkono juu ya wake ulikuwa mzito.

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Alipewa kiti changu."

Wifi aliuondoa mkono wake, akauweka mapajani.

Asali akamwaga unga. Mzee wa nyonga akalipiwa. Wifi akarudi nyuma ya kioo, na Dada Mtu akarudi kwenye dawati lake la zamani. Jumapili bado wanakula pamoja, bado wanaitana wifi na kucheka mbele ya mama asiyejua lolote.

Ila kazini, wifi akiinuka, hata kama anakwenda tu kuchota maji ya kunywa, hufunga skrini yake kwanza. Wenzao humsifu, wanasema huyo ndiye mtu anayefuata sheria. Dada Mtu huinama asionekane uso. Kati yao, yeye peke yake ndiye anayejua ni nani anayefungiwa.